Kompyuta ya Mama, programu za mazishi na namba kumi na saba: kisa kimoja cha Kisumu

Hiki ni kisa cha kompyuta moja ya nyumbani ya miaka ya tisini. Majina nimetoa, mtaa nimetoa, kanisa nimetoa, na vitu kadhaa vya familia nimevigeuza ili mtu asiwajue. Naandika kwa sababu mafundi wengi wa rika langu wakiletewa mashine ya kitambo kitu cha kwanza ni kutafuta soketi, na familia nazo zikikumbuka kuna kitu cha maana ndani ya ile kompyuta ya stoo kitu cha kwanza ni hicho hicho. Kisa hiki kilienda vizuri kwa sehemu kubwa kwa sababu mwenye kompyuta alikuwa bado hai na alikuwa anakumbuka, na nataka hilo lionekane wazi kwa vile hatuliwekei maanani inavyofaa.

Historia ya kompyuta yenyewe

Mwenyewe nitamwita Mama. Alikuwa taipisti wa ofisi moja hapa Kisumu tangu wakati wa taipraita. Miaka ya tisini mwanzoni kuna mradi wa wafadhili ulifunga, vitu vya ofisi vikauzwa, na bwanake akanunua kompyuta moja hapo. Mpya hawangeweza, na ile 1993 shilingi iliposhuka vibaya bei ya kila kitu cha kutoka nje ikawa ya kutisha, kwa hivyo hiyo ya mkono wa pili ndo ilikuwa njia pekee. Prosesa ilikuwa 386SX, RAM megabaiti 2, hadi diski (ile hard disk ya kuhifadhi faili) ya kama megabaiti 40, mfumo wa MS-DOS 5 na WordPerfect 5.1, programu ya kuandikia. Picha kumi hivi za simu za siku hizi zinaweza kuijaza hiyo diski yote na zisienee.

Aliiweka sebuleni kwenye meza ya kona akaanza kuandikia watu. CV, barua za kuomba kazi, kadi za harambee, mialiko ya harusi. Lakini kazi iliyomjulisha mtaa mzima ni programu za mazishi. Mtu wa upande huu wetu anajua programu si karatasi ya ratiba tu, kuna wasifu wa marehemu ndani, alizaliwa wapi, wazazi wake, ukoo, alisoma wapi, alifanya kazi wapi na wapi, wake zake, watoto wake wote, alivyougua mpaka dakika ya mwisho. Familia ilikuwa inakuja jioni na karatasi zimeandikwa na watu watatu ambao hawakubaliani, mmoja anasema mzee alizaliwa mwaka wa njaa fulani, mwingine anasema hapana, na Mama anaketi nao mpaka wakubaliane alafu ndo anaandika.

Akimaliza alikuwa anatoa ribboni kwa printa ya doti matriksi, anaingiza stensili, zile pini zinaigonga bila wino mpaka zinaitoboa kwa umbo la herufi, alafu stensili inapelekwa kwa mashine ya saiklostaili kanisani na nakala zinatoka kabla mwili haujatoka mochari. Hiyo kazi ameifanya miaka mingi. Faili alizipa majina mafupi kwa vile DOS ilikuwa inakubali herufi nane tu na tatu za nyuma, mazishi ni MAT na namba, harambee ni HAR, na kila namba ameiandika kwa kaunta buku na jina la familia kando.

Mwaka 2000 ule ukame ulipofanya umeme ukatwe kwa zamu nchi nzima biashara ikayumba, alafu cyber zikaanza kufunguliwa mjini na watu wakataka kazi za Word zenye picha. Kompyuta ikafunikwa. Alipostaafu wakarudi nyumbani upande wa Vihiga, nayo ikaenda stoo pamoja na magunia ya mahindi.

Ilivyofika kwa benchi yangu

Kuna familia moja ilikuwa inapanga kumbukumbu ya mzee wao. Karatasi zao zote ziliungua na nyumba, hawana hata nakala moja ya programu ya mazishi ya mwaka ule, mtu mmoja akakumbuka aliyeandika ni Mama. Wakamfuata mpaka nyumbani. Mama akasema lazima iko ndani ya mashine.

Mjukuu wake, kijana mzuri anayependa vitu vya umeme, akaitoa stoo, akaipanguza vumbi, akaichomeka. Feni ikazunguka, na baada ya muda mfupi pawa saplai ikatoa moshi wenye harufu kali nyumba nzima. Hiyo ni kapasita ya kuchuja umeme pale unapoingilia, zile za karatasi za zamani zinapasuka ganda na kunyonya unyevu kwa miaka, ukizipatia 240 zinalipuka. Bahati ni kwamba imekaa upande wa kuingilia kwa hivyo haikupeleka balaa kwa diski.

Wakaipeleka duka moja la kompyuta. Huko wakatoa hadi diski, wakaiunganisha na adapta ya USB kwa laptopu, Windows ikaonyesha ukubwa wa ajabu ambao hauwezekani na kuuliza kama wataka kuianzisha upya kama diski mpya. Yule kijana wa duka alikuwa karibu kukubali, binti ya Mama akamzuia mkono. Wakaambiwa diski imekufa, watupe. Binti huyo anaishi Nakuru, ndiye aliyeniletea hiyo CPU yote ikiwa imefungwa na shuka, na akasema jambo ambalo nalishukuru mpaka leo: "Usiwashe chochote kabla hujaongea na mama."

Kuongea na Mama

Nilienda kwake na kalamu na daftari. Nilimwambia, Mama, sitaki unieleze kompyuta, nataka unieleze asubuhi yako, kutoka kuwasha mpaka barua ya kwanza. Akacheka kidogo akanyoosha vidole juu ya meza tupu kama kibodi iko hapo.

Akaanza. Unawasha ya nyuma kwanza, ile swichi kubwa nyekundu. Inahesabu namba. Inalia. Inaandika betri iko chini. Unabonyeza Delete, unakubali, unaenda chini mpaka mstari wa C, unaweka kumi na saba, A unaweka 1.44, unabonyeza F10, unaandika Y, inaanza tena.

Nikamsimamisha hapo. Kumi na saba gani, Mama? Akasema hajui ni ya nini, fundi aliyewauzia alimwambia ikisahau mwambie kumi na saba, na kutoka hapo kila asubuhi kwa miaka alikuwa anaiambia kumi na saba. Aliniangalia kama mtu anayeshangaa kwa nini nimeacha kuandika.

Wacha nieleze kwa nini nilikuwa na furaha hivo. Kompyuta za wakati ule hazikuwa zinajitambulia hadi diski zenyewe kila mahali. Lazima umwambie mashine umbo la diski, silinda ngapi, vichwa vingapi, sekta ngapi kwa kila mzunguko, na watengenezaji waliweka jedwali la aina zenye namba ili mtu asiandike yote. Aina 17 kwa jedwali hilo ni silinda 977, vichwa 5, sekta 17. Zidisha hizo tatu na baiti 512 za kila sekta unapata kama milioni 42.5, ndiyo ile diski yao ya megabaiti 40. Habari hii ilikuwa inawekwa kwenye kumbukumbu ndogo inayolishwa na betri kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta. Betri ikifa, mashine inasahau iko na diski gani. Karatasi ya juu ya diski ilikuwa imeliwa na mende, hakuna maandishi. Kaunta buku ilikuwa imeliwa na mchwa. Mahali pekee ambapo hiyo namba ilikuwa imebaki ni kwa vidole vya Mama.

Tuliendelea. Akanipa majina ya foda, akanipa mfumo wa MAT na HAR, akakumbuka kwamba mazishi ya watu wa kanisani alikuwa anaweka K mwisho. Akanipa vibonyezo vya WordPerfect bila kufikiria, F10 kuhifadhi, F7 kutoka, Shift F10 kuita faili, F5 kuona orodha. Flopi, zile diski ndogo za kuingiza kwa draivu, akasema zilikuwa kwa mkebe wa biskuti juu ya kabati, na kweli zilikuwa hapo.

Kuna alivyokumbuka vibaya pia. Alisema aliacha kuitumia 1996. Alisema maandishi yalikuwa meupe kwa skrini ya bluu, na monita tuliyoipata stoo ni ile ya rangi moja, ya chungwa. Ya bluu ilikuwa ya ofisini. Sikumbishia, niliandika yote.

Tulichoamua na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutoihangaikia ile kompyuta yenyewe. Nilipofungua kava nikaona ile betri ya silinda ya bluu karibu na tundu la kibodi imevuja, imefanya ukoko wa kijani mpaka kwenye nyaya za bodi, baadhi zimekatika kabisa. Hiyo ni alkali, unaisafisha na siki au ndimu ili iache kula, unaosha na spiriti, alafu unaanza kulehemu nyaya moja moja kwa lenzi. Inawezekana, lakini ni kazi ya mtu anayetaka mashine. Familia ilitaka maandishi. Tuliikata betri, tukasafisha ili isiendelee kuharibika, tukaiweka kando.

Uamuzi wa pili, diski isirudi kwa adapta ya USB. Adapta nyingi hizi zinaongea na diski kwa namna moja tu ya kuhesabu sekta, LBA, na diski nyingi za umri huu zinaelewa ile ya silinda na vichwa peke yake. Ndio maana laptopu ya dukani iliona upuuzi. Diski ilikuwa haijafa, ilikuwa inaulizwa maswali kwa lugha haijui. Nilitafuta mazabodi ya zamani ya Pentium yenye tundu la IDE (la kuunganishia diski za wakati ule) na bayosi, programu ya ndani ya bodi inayoianzisha mashine, inayokubali aina za jedwali, bado zinapatikana kwa watu wa vyuma vya elektroniki ukiuliza kwa upole. Pawa saplai nikaweka nyingine niliyoipima kwanza bila diski.

Tatu, tulikubaliana na familia kabla ya kuwasha kwamba diski ikizunguka hatutafungua faili hata moja kuisoma, tutanakili yote kwanza. Diski iliyokaa miaka zaidi ya ishirini inaweza kuzunguka mara moja na isirudie. Mama alitaka sana kuona jina la yule mzee, na kumwambia angoje ilikuwa ngumu, lakini alielewa.

Flopi tuliziacha mwisho. Hewa ya ziwa si rafiki wa flopi, na nilipovuta kile kifuniko cha chuma na kuizungusha kwa kidole niliona miduara myeupe ya kuvu juu ya sahani. Ukiingiza flopi kama hiyo, vichwa vya draivu vinabeba uchafu na kuikwaruza inayofuata nayo.

Kilichotokea

Niliweka aina 17, nikawasha na diski ya kuanzishia DOS, nikaandika C na nukta mbili. Diski ilipiga kelele ya kukwaruza kidogo, ikatulia, na DIR ikashuka na foda zote kama Mama alivyozitaja. Nikazima hapo hapo, nikawasha tena na Linux kwa bodi ile ile, nikatumia ddrescue ambayo inachukua kwanza sehemu nzima nzima inazoweza kusoma na kuandika orodha ya zilizokataa ili izirudie baadaye. Sehemu kubwa ilisomeka. Kuna eneo moja katikati lilikataa kabisa.

Faili za WordPerfect 5.1 hazikusumbua, LibreOffice inazifungua zenyewe, mpangilio wa kurasa unahama kidogo lakini maneno yako. Ule wasifu wa mzee aliyetafutwa ulikuwepo, mzima, na majina ya wazazi wake na ya babu yake ambayo wajukuu walikuwa wameshaanza kubishania. Nyingine chache zimekatika katikati ya sentensi, mtu amezaliwa, amesoma, ameoa, alafu inaishia hapo. Hizo ni za lile eneo lililokataa. Kwa flopi tulizosafisha na spiriti tukapata nakala za baadhi yake, si zote.

Tarehe ndo ilikuwa somo. Faili za miaka ya mwanzo zina tarehe sahihi, alafu ghafla zote zinaanza kuonyesha tarehe 1 Januari 1980. Hiyo ndiyo tarehe DOS inaanzia ikiwa saa ya mashine haina betri. Kwa hivyo orodha ya faili yenyewe inakuonyesha wiki ambayo betri ilikufa na Mama akaanza kuandika kumi na saba. Za baada ya hapo tulizipanga kwa kusoma siku ya mazishi ndani yake. Moja ilikuwa na mstari wa kuomba watu wafike mapema kwa sababu ya umeme wa zamu, kwa hivyo 1996 haikuwa mwisho, alikuwa bado anaandika 2000. Nilipomwonyesha alinyamaza kidogo akasema, "Kumbe hata nilikuwa nimechoka nikiendelea."

Baadaye binti yake aliomba tumfungulie WordPerfect yenyewe, tukaiweka kwa DOSBox, programu inayoiga DOS kwa kompyuta za sasa. Mama aliweka mikono, Shift F10, akaandika MAT na namba, faili ikaja, akabonyeza Alt F3 kuangalia kodi zilizofichwa, yaani alama za mpangilio zisizoonekana kwa ukurasa, kama alivyokuwa anafanya kabla ya kukata stensili. Mjukuu alikuwa nyuma yake anasema kukhu (nyanya) pole pole.

Ya watu wengine yaliyokuwa ndani

Hapa ndipo nataka tukae kidogo maana mafundi hatupazungumzii. Diski ilikuwa ya Mama, lakini yaliyoandikwa ndani mengi ni ya watu. CV zenye namba za vitambulisho. Barua za watu kwa waume zao. Wasifu unaotaja ugonjwa ambao familia siku zile haikutaka utajwe nje ya programu hiyo. Habari ilipoenea kwamba zimepatikana watu wakaanza kupiga simu, na kuna binamu mmoja akapendekeza ziwekwe zote kwa grupu ya WhatsApp ya kijiji.

Mama alikataa, na aliamua hivi: CV na barua zifutwe zote bila kusomwa, programu za mazishi zipewe familia yenyewe tu, na mtoto wa marehemu ndiye wa kuomba. Mimi nilimwambia kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019, yeye akasema hajui sheria lakini alikuwa sebuleni wakati watu wanalia. Foda ya CV na ya barua nilizifuta kwa nakala yangu mbele yake, na diski asili akabaki nayo yeye mwenyewe.

Alafu akaja mtu akitaka wasifu wa babake kwa sababu ya shamba. Ule wasifu unataja nyumba mbili na watoto wa kila nyumba, na upande mmoja sasa unasema upande wa pili haupo. Alitaka nimchapishie siku hiyo hiyo. Mama akasema hatampa mmoja bila mwingine kujua, wakiitwa na chifu au mahakama basi ataenda kusema alivyoandika na nani alikuwa ameketi hapo akisema nini. Nilimuunga mkono, pia kwa sababu faili yenyewe ina tarehe ya 1980 na marehemu alikufa miaka mingi baadaye, wakili yeyote angeanzia hapo, na Sheria ya Ushahidi inataka cheti kwa maandishi ya kompyuta. Karatasi iliyochapishwa kwa benchi yangu ingewapa vita tu.

Uchambuzi

Kilichookoa kazi ni yale mazungumzo ya mwanzo, na hasa namna ya kuuliza. Ningemuuliza "diski yako ilikuwa aina gani" angesema hajui, na angekuwa anasema ukweli. Alichokifanya kwa mikono kila siku kilikuwa kizima kabisa, vibonyezo, namba, mpangilio wa faili. Alichokiona tu au kukihesabu kwa miaka kilikuwa kimechanganyika, rangi ya skrini, mwaka wa mwisho. Tangu hapo nikiuliza wazee naomba wanionyeshe kwa mikono, na tarehe natafuta kwa faili zenyewe.

Namba 17 haikuwa njia pekee, niseme ukweli. Aina hii ya diski kuna bodi zingeitambua zenyewe, au ningejaribu aina za jedwali moja baada ya nyingine. Lakini kila jaribio ni diski ya uzee inazunguka, na hatukujua iko na mizunguko mingapi imebaki.

Kilichoshindikana ni ile wiki kabla haijanifikia. Kuwasha mashine iliyokaa miaka bila kupima pawa saplai kungeweza kuua kila kitu, na swali la Windows la kuianzisha diski upya lingejibiwa ndiyo tungekuwa tunaongea habari nyingine. Sijui kama lile eneo lililokataa liliumia siku ya moshi, dukani, au miaka ya stoo. Mjukuu simlaumu, hakuna mtu alikuwa amemwambia. Duka lingeweza kusema "hii hatuijui" badala ya "hii imekufa", maana familia ikiambiwa imekufa inatupa.

Na kaunta buku. Familia ilihifadhi chuma na kuacha daftari liliwe, na bila daftari kuna faili za MAT ambazo jina la marehemu liko lakini kijiji hakiko, na kuna majina ambayo upande huu wanayo watu mia. Mama anazipitia kidogo kidogo na rafiki zake wa kanisa, anawasomea mstari wa kwanza tu na kuuliza kama kuna anayeijua hiyo familia. Nakala ziko mbili, moja kwake na moja kwa binti Nakuru. Mtu wa shamba bado hajarudi, na faili yake iko hapo haijachapishwa.